Ugomvi wa Kufuli Mamboleo

Ukimuuliza Beldina, anayekaanga mandazi karibu na njia panda ya Mamboleo, atakwambia majirani zake wawili waligombania kufuli.

"Kufuli! Nilisikia mwenyewe. Huyu anasema wewe ndiye umeshika, yule anasema wewe hujaachilia. Na mlango wao hata komeo hauna!"

Asubuhi hii Naeema yuko peke yake nyuma ya mlango huo, kompyuta mapajani. Kiti cha pili kiko wazi.

Kufuli zenyewe si za chuma. Ziko ndani ya programu, ili kazi mbili zisiguse kitu kimoja kwa pamoja. Lakini kazi moja ikishika kufuli ya kwanza inataka ya pili, na nyingine imeshika ya pili inataka ya kwanza, zote zinakwama.

Ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, kuna msimbo, yaani maagizo ya programu, unaochunga jambo hilo. Unapiga kelele mapema, hata kabla chochote hakijakwama. Naeema na mwenzake Wechuli walikuwa wakiurekebisha uchunge programu za kawaida, kama ile waliyotengeneza ya kuuzia maji mtaani Nyalenda.

Walipoujaribu mbele ya kamati ya maji ya mtaa huo, ulipiga kelele. Kosa lilikuwa kwenye mistari ya Wechuli.

"Kwani programu yetu imewahi kukwama hata mara moja?" Wechuli aliuliza.

"Bwana, hata mashine imekukataa!" Naeema akamjibu. Kamati ikacheka, Naeema naye akacheka.

Leo hacheki. "Msimbo ulisema kweli," anajisemea. "Lakini mimi ilinipasa kungoja tubaki wawili."

Wechuli aliudhika, akarudi kwake mtaani Obunga na sehemu ya msimbo aliyoiandika, ile inayotambua kila kufuli imeshikwa na nani. Bila hiyo, msimbo unaona kufuli imefungwa tu, haujui ni nani aliyeifunga.

Naeema anaweza kuiandika upya, na kamati inamharakisha. Hajaanza.

"Nikiiandika mimi, nitakuwa nimemfungia nje kabisa."

Beldina anaingia na mandazi mawili, kama zamani.

"Nyathina, mwanangu, kila mtu anangoja mwenzake. Si mmoja aachilie?"

Naeema anaweka kompyuta kando. Kisha anachukua simu, anaandika: "Wechuli, nilikukosea mbele ya watu. Sehemu yako sijaigusa. Utarudi tumalize?"

Alama mbili chini ya ujumbe zinageuka buluu. Wechuli ameusoma.

Beldina anarudi kwenye karai lake. Andazi la pili linapoa juu ya kile kiti kilicho wazi.