Mume Wangu Alikuwa Chini ya Ardhi Upepo Ulipokuja

Siku upepo ulipoezua nyumba yetu, mume wangu alikuwa chini ya ardhi, mahali ambapo upepo haujawahi kufika tangu dunia iumbwe. Anafanya kazi mgodini, upande wa Bulyanhulu, na siku hiyo alikuwa shifti ya mchana. Mimi nilikuwa nyumbani nashona, kijijini kwetu kando ya barabara itokayo Kahama. Chumba cha mbele ndicho karakana yangu: cherehani, meza kubwa ya kukatia nguo, na kioo ambacho wateja hujitazamia na kusema wamependeza hata kama suruali imeishia juu ya kifundo cha mguu.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Nilikuwa nimemaliza majoho kumi na nane ya kwaya ya kigango chetu, nimeyakunja vizuri juu ya benchi. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alikuwa uani anakaanga karanga. Watoto wangu wawili walikuwa wamerudi kutoka shule muda si mrefu. Mbingu upande wa magharibi ikageuka nyeusi, kisha ikawa na rangi ya maini mabichi, rangi ambayo sijapata kuiona angani wala sitaki kuiona tena. Mama mkwe akaingia mbio na kikaango chake mkononi.

"Ng'wanone, mwanangu, funga mlango!"

Nikafunga. Nikaweka na komeo. Sikujua kwamba siku hiyo mlango haukuwa na kazi yoyote, maana mgeni wetu alikuwa anakuja kwa juu.

Yalianza mawe ya mvua, makubwa kama mayai ya kanga, yakipiga bati hadi tukawa tunazungumza kwa ishara. Tukajisokomeza wote wanne chini ya meza ya kukatia. Mama mkwe hakukiacha kikaango. Alikipakata, moto vilevile, na kila mtoto alipolia alimtia karanga mdomoni. Halafu paa likaondoka. Nasema likaondoka kwa sababu halikuanguka wala halikuvunjika. Liliinuka zima na mbao zake, kama mtu anayefunua sufuria kuangalia kama wali umeiva, likaenda zake.

Kitu nilichokifikiria wakati ule, Mungu anisamehe, ni kwamba chumba changu hakijawahi kupata mwanga mzuri wa kushonea kama ule.

Majoho nayo yakaondoka, yote kumi na nane, kama ndege walioshtuliwa. Tulitumia siku mbili kuyatafuta kwenye mashamba ya pamba na mahindi. Jirani yangu, ambaye huimba sauti ya kwanza, alilikuta lake kwenye pembe za maksai wa watu, na maksai mwenyewe ametulia nalo kana kwamba anasubiri wimbo uanzishwe. Hakuna aliyekufa kijijini kwetu. Ndiyo maana naweza kusimulia haya na kucheka.

Mume wangu alifika jua likiwa linazama, juu ya bodaboda. Aliingia, akasimama katikati ya chumba ambacho sasa kilikuwa uwanja, akatazama juu muda mrefu.

"Paa liko wapi?" akauliza.

"Limetoka," mama yake akamjibu. "Hujakutana nalo njiani?"

Akakaa chini, kwenye tope, na nguo zake za kazi. Akapewa karanga. Akala.

Tukafunika nyumba kwa turubai la bluu, kama wenzetu wote. Wengine walidhani mambo yameishia hapo, kwamba mtu akishapata pa kujifunika basi amepona. Mimi ndipo nilipoanza kuumwa ugonjwa usio na jina. Nilianza kufunga vitu. Nilichukua mipira ya matairi ya baiskeli, ile tunayofungia mizigo, nikafunga ndoo kwenye nondo za dirisha. Kisha sufuria. Kisha viti nikavifunga kwenye meza, na meza kwenye cherehani. Mume wangu akitoka kazini amechoka, akivuta kiti akae, meza inamfuata, na cherehani linaifuata meza.

"Mama watoto," ananiambia, "hivi tunahamia wapi?"

Na sauti! Kila gari kubwa lililopita barabarani lilikuwa upepo kwangu. Siku moja nilikuwa nampima katekista wetu suruali. Ni mtu mzima, mpole, ambaye hata kukohoa anaomba radhi. Nimemzungushia futi kiunoni, naangalia namba, mara lori la kokoto likapita likinguruma. Sikumbuki nilivyoamua. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa chini ya meza, sijaliachia futi, na katekista alikuwa chini ya meza pamoja nami, kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Lori likapita. Tukatazamana.

"Samahani, mama," akasema kwa ile sauti yake ya kanisani. "Na huku chini nako tunapima?"

Mama mkwe wangu alinicheka siku nzima. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameichukua kofia ngumu ya zamani ya mwanawe, ile ya njano ya mgodini, akawa anaivaa juu ya kilemba. Alipikia nayo, alitwangia nayo, alikwenda nayo kisimani. Jumapili akaingia nayo kanisani, akakaa benchi la mbele, na padri akapoteza mstari kwenye somo. Nilipomwambia, "Mama, mvua yenyewe imekwisha," akanijibu kwamba yale mawe hayakumwandikia barua kusema hayarudi tena.

Wiki ya tatu akaja afisa ustawi wa jamii, dada mdogo mwenye miwani, kapakiwa kwenye pikipiki kutoka mjini. Akaomba wanawake tukutane shuleni, kwenye darasa pekee lililobaki na paa. Alisema amekuja kutufundisha kukabiliana na msongo wa mawazo. Jirani yangu akaninong'oneza, "Ndiyo stresi hiyo." Tulijaa, tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu.

"Fumbeni macho," akasema dada. "Vuteni hewa taratibu kwa pua. Sasa itoeni kwa mdomo."

Wanawake darasa zima wakatoa pumzi kwa pamoja: fuuuuu. Sauti ile ikazunguka chini ya bati. Nikasikia dawati likilia nyuma yangu. Mtu alikuwa ameshasimama.

"Msiogope, ni pumzi zetu wenyewe. Fumbeni tena. Jioneni mko mahali tulivu sana. Hakuna kelele. Mmelala chali, juu yenu anga safi."

"Hilo tunalo, dada," akasema jirani yangu, macho kayafumba. "Wiki ya tatu sasa tuko chini ya anga."

"Na upepo mwanana," akaendelea dada, sauti laini kabisa, "unakuja, unawapuliza usoni..."

Macho yote yakafumbuka. Mama mkwe wangu akakaza mkanda wa kofia yake chini ya kidevu.

Yule dada alitutazama, akatazama daftari lake, na nikaona jinsi alivyolisoma lile neno upya. Akajifunika uso kwa daftari. Mabega yakaanza kumcheza. Sisi tukaanza kucheka kwa kuona yeye anacheka, na kicheko kile kilipokolea hakikuwa na breki. Mama mmoja aliteremka kwenye dawati akamalizia kucheka sakafuni.

Dada alipopata pumzi akalifunga daftari. "Basi," akasema. "Niambieni nyinyi mnafanya nini hasa tangu siku ile."

Yakatoka. Mmoja hajaanika nguo nje. Anakausha ndani na watoto wanavaa mbichi. Mwingine huyafokea mawingu kama anavyofokea mbuzi. Jirani yangu akiona wingu tu anaimba sauti ya kwanza mpaka lipite, mumewe kahamia kwa kaka yake. Mimi nikasimulia habari ya lori na katekista. Nilisahau kwamba mke wa katekista alikuwa amekaa dawati la tatu.

"Kumbe!" akasema, kasimama. "Alirudi nyumbani na vumbi magotini, nikamuuliza, akaniambia alikuwa anasali!"

"Alisali," nikamwambia. "Kweli kabisa, nilimsikia."

Nilirudi nyumbani siku hiyo mwepesi, nikamsimulia mume wangu. Akacheka sana, akatikisa kichwa. "Nyinyi wanawake," akasema, "upepo wa nusu saa, mnaulea kama mtoto." Nikamwacha. Nilidhani yeye yuko salama. Hakuwepo, angeumwa nini?

Siku chache baadaye jirani akaja kuchukua blauzi yake. Akaniangalia kwa heshima nisiyoizoea.

"Kumbe shemeji ni shujaa hivyo na hukutuambia," akasema.

"Shujaa wa nini?"

"Si ndiye aliyening'inia kwenye mbao za kenchi kuzuia paa? Mume wangu kamsikia kijiweni. Anasema upepo ulimnyanyua hadi usawa wa mti, akaona nyumba zote za kijiji kwa juu, ndipo akaachia."

Nilimpa blauzi yake. Nikamsubiri mwenye kenchi. Alipofika, kabla hajavuta kiti na meza yake, nikamuuliza kwa upole kijiji kinaonekanaje kwa juu.

Nilitegemea atacheka au atakasirika. Badala yake akaanza kufungua mpira wa kiti, polepole, kama kazi aliyopewa.

"Kila nikikaa, watu wanasimulia," akasema. "Mmoja alikuwa kisimani, mwingine sokoni, mwingine bati lilipita hapa sikioni. Halafu wananigeukia: na wewe je? Niseme nini, mama watoto? Niseme sikusikia kitu?"

Nilimpa maji, akanywa, na tukaongea habari za mchwa kwenye mbao.

Afisa ustawi aliporudi, alisema safari hii wanaume nao waje. Walikuja wawili: katekista, ambaye mkewe alimshika mkono njia nzima, na mume wangu, ambaye mama yake alimwamuru. Zamu yake ilipofika alisimama, akavuta suruali juu, akaanza kwa sauti ya kijiweni: "Basi mimi siku ile, nilipoona kenchi zinaachia..."

Mama yake alikuwa dawati la mbele. Aliinua kidogo ukingo wa kofia ya njano ili amwone vizuri.

Mume wangu akakohoa.

"Sikuwepo," akasema. "Nilikuwa chini."

"Unafanya nini?" akauliza mmoja.

"Nakula. Ilikuwa mapumziko. Ugali na maharage."

"Yalikuwa matamu?" akauliza jirani yangu.

"Sana," akasema mume wangu, na darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alisubiri tunyamaze, kisha akaendelea, sasa kwa sauti yake ya kawaida, ile ninayoijua mimi. Alisema walipopanda juu waliambiwa getini kwamba vijiji vya barabarani vimepigwa. Simu yangu haikupatikana. Ya mama haikupatikana. Dereva wa bodaboda akamwambia, "Mzee, huko kwenu nasikia hakuna kilichobaki." Njia nzima, alisema, alikuwa anatuzika. Alishapanga nani atamtangulia nani. Akafika kwenye suala la nguo za kutuzikia, akawaza ampelekee fundi gani kitambaa, akakumbuka kwamba fundi ni mimi. Hapo, alisema, alimgonga dereva mgongoni asimame, akashuka, akatapika maharage yote.

"Halafu nikafika," akasema. "Nikawaona wote wanne wamekaa, wazima, wanatafuna karanga. Nilitaka kusema mpo. Mdomo ukasema paa liko wapi. Mpaka leo nikikumbuka nilivyouliza paa, nashindwa kumeza chakula."

Nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja wiki zote hizo na sikuwa najua. Mama yake akasimama, akavua ile kofia ngumu, akaiweka juu ya dawati, akaenda akampangusa uso kwa upindo wa kitenge chake, kama mtoto aliyetoka kuchezea vumbi. "Bebe, wewe mwanangu," akamwambia, "hata mimi nilifurahi kukuona. Ningejua unayoyabeba, nisingekujibu vile." Katekista akatoa kitambaa, akapenga kamasi, akaomba radhi.

Tuliezeka upya kabla ya mvua za mwaka uliofuata, kwa misumari mingi kuliko fundi alivyotaka. Mipira ya baiskeli niliifungua mmoja mmoja; ndoo niliiacha mwisho. Siku hizi lori likipita nashtuka tu, siendi kokote, na wateja wangu wanapimwa wakiwa wamesimama.

Mume wangu ameanza tabia mpya. Kila akitoka chini, kabla hata ya kuoga, anapiga simu. Hasalimii. Hata mama yake hampi shikamoo.

"Mpo?"

"Tupo."

Basi, anakata. Juzi nilikuwa nashona zipu, mikono imebanwa, simu ikapokelewa na mama mkwe.

"Mpo?" nikamsikia anauliza.

"Tupo wote," akasema mama yake, "ila chumvi haipo. Pitia dukani."