Aliyekula Zaidi

Nilikuwa na miaka tisa hivi, hakuna aliyeandika siku niliyozaliwa, mwaka ule walipomzika baba yangu naye hayupo.

Nieleze vizuri, maana sipendi maneno ya kuzunguka. Baba alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja huko Kitale, shamba la mahindi na ng'ombe wa maziwa. Sisi tulikaa kwetu upande wa Misikhu: mama, mimi, na mama yake baba, ambaye tulimwita kukhu, kama Wabukusu wanavyomwita bibi. Vita vya Hitla vilipopamba moto baba alichukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza, akawapikie askari, akavushwa bahari mpaka mahali walipopaita Bama, yaani Burma. Vita vikaisha. Wanaume wa jirani wakarudi na makoti marefu na buti na Kiswahili cha kuamrisha watu. Baba hakurudi. Haikuja barua, wala mtu wa kusema nilimwona mahali fulani. Tulipanda tukavuna, tukapanda tena tukavuna.

Kabla hajachukuliwa, kila alipopewa likizo alikuja na kitu ambacho watoto wengine hawakukijua, mkate wa ndizi. Nyumbani tuliuita mkate wa Kitale. Memsahibu alikuwa akimsomea kitabu cha mapishi mstari kwa mstari, na baba, ambaye hakujua herufi hata moja, aliyashika yote kichwani. Akija nyumbani aliyageuza yafuate vitu vyetu. Kitabu kilitaka vikombe viwili vya unga wa ngano. Kwetu kilikuwa kikombe kimoja cha ngano, aliyoibeba kwenye kitambaa, na kimoja cha wimbi. Magadi ya dukani hatukuwa nayo, basi aliweka chumvi ile mama aliyochuja kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, pamoja na maziwa yaliyolala. Mayai mawili. Samli. Sukari kidogo tu.

"Ndizi ya kula sio ndizi ya mkate," alikuwa akiniambia. "Ya mkate, ngoja mpaka uone aibu kumpa mgeni."

Jiko lake lilikuwa debe la mafuta ya taa, amelilaza ubavu na kulizungushia udongo, makaa chini, makaa juu. Sufuria ndogo aliitandika jani la mgomba. Akitaka kujua kama mkate umeiva, aliuchoma kwa unyasi mkavu. Unyasi ukitoka na uji, rudisha. Ukitoka msafi, toa. Kazi ya unyasi ilikuwa yangu, na sikumpa mtu mwingine.

Ndizi zilitoka kwenye kichaka kimoja cha migomba nyuma ya zizi. Baba alikipanda mwenyewe mwaka alipojenga nyumba.

Kukhu ndiye aliyesema inatosha. Hilo lilinichoma kuliko yote, kwamba ni mama yake. Aliwaita wazee wa ukoo akawaambia, "Mtu asiyezikwa hana pa kulala. Na huyu mke wake, ataangalia njia mpaka lini?" Wazee wakakubali. Kwetu mtu akipotea mbali mwili usipatikane, huzikwa gogo la mgomba mahali pake. Wakakata mgomba mmoja kwenye kile kichaka cha baba, wakapima urefu wa mtu mzima, wakaufunga kwa blanketi lake, wakachimba kaburi kando ya nyumba kama makaburi mengine.

Mimi nilizaliwa na hasira. Mama alisema nilitoka ngumi zimekunjwa. Watu wakiwa wameinamisha vichwa, nilisema kwa sauti yangu yote, "Hiyo ni ndizi."

Mama aliniziba mdomo kwa kiganja. Kilikuwa kinanuka udongo. Mzee mmoja akasema, "Mtoto huyu ana ulimi," na wakaendelea kufukia. Siku ya tatu tulinyolewa nywele, wote watatu, na watu wakaenda makwao.

Jioni hiyo hiyo kukhu alinishika mkono mpaka nyuma ya zizi. Alikuwa amesokota majani makavu ya mgomba kuwa kamba, akazungusha kamba hiyo kwenye kile kichaka kizima. Namwandika kwa Kiswahili, lakini yeye aliongea Kibukusu, polepole, kama mtu anayepanga mawe.

"Naliaka, hizi sio zetu tena. Ni zake. Anayekula ndizi za hapa, mwenyewe atamwita."

"Atamwita vipi?"

"Kwa jina. Utasikia unaitwa na mtu humwoni. Na aliyeitwa hivyo hakai duniani."

Niliiangalia ile kamba. Tayari nilikuwa nafikiri.

Mkungu mmoja ulikuwa umebaki juu ya mgomba wa pembeni. Ukawa wa manjano, halafu ukaanza madoa, halafu mweusi. Harufu yake ilijaa boma. Ndege walikuwa wanashuka asubuhi wanakula mpaka wanachoka, na mimi nilikaa kwenye jiwe nikiwahesabu, nikingoja kuona kama kuna atakayeitwa. Walirudi wote kesho yake.

Nikaanza kupima hili jambo kwa akili yangu ya miaka tisa, na mpaka leo siioni kama ilikuwa akili mbaya. Mwenye ndizi anaita. Lakini anayeita hivyo ni mfu. Basi nikila nikaitwa, baba amekufa. Nikila nisiitwe, baba yuko hai, na wamezika mgomba bure, na nitamwambia kukhu hivyo mbele ya wazee wake. Sikutaka kitu kingine duniani ila kujua. Mama alikuwa anajua kungoja. Kukhu alikuwa anajua kuzika. Mimi sikuweza hata kimoja.

Siku ya soko la Misikhu mama aliondoka na kikapu cha maharagwe. Kukhu akaenda kupalilia wimbi upande wa mtoni. Nikapita chini ya ile kamba, ikaninasa begani ikakatika. Nikachukua chana ya chini, ambayo ndege hawakuifikia, ngozi nyeusi tii, ndizi zenyewe zikidondoka kwenye maganda. Ningeweza kuzila hivyo hivyo. Lakini niliona nikitaka baba anisikie, ni afadhali nifanye kitu anachokijua.

Unga wa ngano haukuwepo. Niliweka wimbi na unga wa mahindi. Niliponda ndizi kwa mwiko wake, nikaongeza maziwa yaliyolala, chumvi ya majivu, mayai mawili niliyomnyang'anya kuku akiwa ameyalalia. Debe lilikuwa limeota kutu, na udongo umepasuka upande mmoja, hivyo moto ulitoka pembeni ukaniunguza hapa kwenye kifundo. Alama ipo. Nikachoma unyasi, ukatoka na uji. Nikarudisha. Mara ya tatu ukatoka msafi.

Mkate ulikuwa mfupi, mgumu pembeni, mweusi upande wa ule ufa. Nikakata kipande, nikakila nimesimama. Kisha nikalamba bakuli. Kisha nikakaa chini kungoja jina langu.

Aliyeniita alikuwa kukhu, kutoka mlangoni, jembe begani. Roho ilinitoka ikarudi.

"Naliaka. Harufu ya nini hii?"

"Mkate."

"Mkate gani?"

"Wa Kitale."

Aliweka jembe chini. "Ndizi umetoa wapi?"

Ningeweza kusema kwa jirani. Migomba ilikuwa kila boma. Lakini kama ningedanganya, kile nilichotaka kujua kingeharibika. "Kwa baba," nikasema.

Alikaa kwenye kigoda. Alikuwa anakohoa tangu mvua za kwanza, na sasa alikohoa kwa muda, mkono kifuani. Alipomaliza akauliza, "Umekula?"

"Kipande. Na bakuli nimelamba."

"Kipande kikubwa kiasi gani? Nionyeshe kwa mkono."

Nikamwonyesha.

"Kwa nini, mtoto wangu?"

"Nataka nione kama ataniita. Asiponiita, hajafa, na nyinyi mlizika mgomba."

Nilingoja kofi. Hakunipiga. Aliniangalia kama mtu aliyeona sura ya mwingine katika sura yangu.

"Na akikuita?"

"Nitaitika," nikasema. "Ni baba."

Kukhu akafunga macho. Akayafungua, akanyoosha mkono. "Lete huo mkate."

Nilifikiri anataka kuutupa. Akaumega, akaweka mdomoni. Meno aliyobaki nayo hayakuwa mengi, na mkate ulikuwa mgumu, kwa hivyo akaniambia nimletee maji kwenye kata. Akawa analowesha, anakula, analowesha.

"Kukhu, si ulisema—"

"Najua nilichosema. Nimekisema mimi." Akameza. "Wafu wakiita, wanaanza na aliyekula zaidi. Wewe umekula kipande. Kaa hapo."

"Basi kitakachobaki mpe mbwa."

"Mbwa hana jina la kwetu."

Nikaanza kulia, nikamshika mkono. Alikuwa na nguvu bado. Aliuondoa mkono wangu bila ukali akaendelea. Jua lilihama kutoka mlangoni mpaka ukutani. Alikula mpaka ule upande ulioungua, na makombo akayaokota kwenye leso kwa ncha ya kidole. Hakuula kama mtu anayefurahia. Aliula kama kazi ya shamba ambayo lazima iishe kabla ya mvua.

Mama aliporudi alisimama mlangoni akanusa. Uso wake ulifunguka, Mungu anisamehe, ulifunguka kama mtu aliyesikia sauti ya mumewe. Kisha akaona debe, akaona kamba iliyokatika kule nyuma. Akanigeukia.

"Ni mimi," kukhu akasema. "Nilishikwa na tamaa ya mkate. Nikamwambia mtoto aoke. Nimekula wote, sikukuachia."

Mama hakuweza kubishana na mama mkwe wake. Alitua kikapu akaingia ndani. Lakini jirani mmoja aliyekuwa amefuatana naye kutoka sokoni alisikia, na kabla ya Jumapili kila mtu mpaka ng'ambo ya mto alikuwa anajua kwamba yule mama mzee amekula ndizi za kaburi la mwanawe mwenyewe kwa ulafi. Wanawake walikuwa wanacheka kisimani. "Ati alilamba hata sufuria." Nilikuwa nimebeba mtungi wangu katikati yao. Sikufungua mdomo. Mimi mwenye ulimi.

Mwezi mmoja hivi ukapita. Ilikuwa mchana, tumekaa kwenye kivuli cha nyumba tunapukuta maharagwe. Kukhu aliinua kichwa akasema, "Eee?" kama mtu anayeitika. Akageuka upande wa zizi. Hapakuwa na mtu.

"Umemwitika nani, kukhu?"

"Hakuna. Pukuta."

Aliondoka kabla wimbi halijakatwa. Kikohozi kilimshusha siku nne tu. Walipomteremsha kaburini, kando ya lile gogo la mgomba, nililia mpaka nikashikwa na watu wawili. Walisema, mtoto huyu alimpenda bibi yake. Hawakujua niliwalilia wawili. Kama yeye aliitwa, basi mwitaji alikuwa amekufa. Nilikuwa nimepata nilichotaka kujua.

Sasa mimi ni mzee kuliko kukhu alivyokuwa. Sikupelekwa shule, herufi nilijifundisha mwenyewe kwenye magunia ya unga na makopo ya samli, na mkate wa baba ndio kitu cha kwanza nilichoandika kwa mkono wangu, nusu yake makosa. Nimefanya biashara Kitale miaka mingi, na watu wa hapa wananijua: kibovu nakwambia ni kibovu, ukinidanganya nakufukuza. Najua kikohozi ni kikohozi. Najua mtu mzee anasikia mambo masikioni. Mtu akija kuniambia habari za kuitwa, nitamwuliza kama amekwenda hospitali.

Nikisema hivyo bado nabaki na kitu mkononi. Kwa yeyote asiyeamini, kukhu alikula mkate mgumu tu mchana mmoja. Lakini yeye aliamini. Hakuwa na shaka hata kidogo kuhusu kile alichokuwa anameza, na aliokota mpaka makombo. Kisha akakubali kuitwa mlafi ili nisipigwe. Nami niliwaacha wamcheke mpaka akafa, na hata mama sikumwambia, naye sasa hayupo. Kama nina uwongo mmoja maishani, ni ule ukimya wa kisimani, na ndio nauandika hapa.

Bado naoka. Nina jiko la kisasa, lina kioo, lakini unyasi nachuma nje. Ndizi nanunua sokoni, hazina mwenyewe, hazijafungwa kamba. Wajukuu wakija kutoka Bungoma wanajazana jikoni, na kila mara ni yale yale, kwa sababu nikikata mkate, kipande cha kwanza ni changu na ndicho kikubwa.

"Si mnaona kukhu, bana," yule mdogo huwaambia wenzake. "Mlafi. Anajikatia nusu."

"Nipe kidogo ya hicho chako," mwingine husema, na mkono umeshafika kwenye sahani yangu.

Naupiga ule mkono. Wanacheka. Nawakatia vyao, vyembamba, nikivipima kwa macho kimoja kimoja, na changu nakila chote, hata siku ambayo sina njaa.