Matundu ya Mfuniko

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kipimo. Nilipima matundu ya mfuniko kwa kichwa cha nyoka mkubwa, ilhali waliokuwa wanakuja kuishi ndani ya boksi lile walikuwa watoto wake.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Mikumi, nyuma kidogo ya barabara kuu, na nilifanya kazi kwenye banda linaloonyesha nyoka kwa wageni. Sikuisomea kazi hiyo. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, kwa kusafisha vizimba, na kwa maswali mengi mpaka bosi wangu akawa ananiambia, "Kijana, na wewe pumua." Nyoka wetu jike wa kahawia, wa wale wasio na sumu wanaoingia majumbani kufuata panya, alipotaga, bosi aliniruhusu nichukue mayai niyaangulie kwangu. Alinipa sharti moja: niwaambie watu ninaoishi nao. Nikaitikia. Sikumwambia mtu.

Nilijiambia nitasema boksi likikamilika. Ndivyo nilivyo, kitu kisipokamilika naona aibu hata kukitaja. Nilinunua boksi kubwa la plastiki la kuwekea nguo, lile linaloonyesha ndani, kwa sababu niliamini kiumbe akipewa nafasi kubwa ndipo ametunzwa. Niliweka gome la mti, kisahani cha maji, mchanga niliouchekecha mpaka ukawa kama unga. Halafu nikaanza kuogopa kwamba watakosa hewa. Nikapasha msumari kwenye jiko la mkaa, nikatoboa mfuniko mistari iliyonyooka kwa rula. Nikaubeba mfuniko ule hadi bandani, nikamshika nyoka jike, nikamsogeza kwenye tundu. Kichwa hakikupita. Nikarudi nyumbani nikiwa na furaha ya mjinga.

Waliangulika sita, wembamba kama kamba za viatu. Siku chache baadaye nikakuta watano. Nikageuza godoro, nikakung'uta viatu, nikaziba uwazi wa chini ya mlango kwa shati. Nilijipa moyo kwamba yumo humo humo chumbani.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa dada mmoja kutoka familia ya wafugaji. Kwao ni tambarare za Rudewa, lakini kaka zake walikuwa wamesogeza ng'ombe karibu na Mikumi, na yeye aliuza maziwa yao. Kila asubuhi aliweka dumu kivulini, kando ya tangi la maji, akalifunika kwa gunia lililoloweshwa ili maziwa yasiharibike. Mtu aliyekuwa anajigamba kuwajua nyoka angefikiria hilo gunia kabla ya godoro lake. Mtoto wa nyoka aliyepotea kwenye joto la Mikumi hutafuta unyevu na giza.

Aliyelifunua gunia alikuwa mama mwenye nyumba, na bakuli lake mkononi. Nilisikia yowe, kisha kandambili likipiga sakafu.

Nilipotoka, wapangaji walikuwa wameshajaa uani.

"Leo maziwa yana nyama," mmoja alisema, wengine wakacheka.

"Msicheke!" mama mwenye nyumba alifoka. "Wewe kijana, si ndiye mtu wa nyoka? Njoo uangalie."

Nikainama. Kichwa kilikuwa kimepondwa upande, lakini ile mistari miwili myeupe kando ya macho ilionekana. Nilikuwa nimeitazama tangu inatoka kwenye ganda.

"Ni wa porini tu, mama," nikasema.

"Mmesikia? Porini! Na hapa nani anayeleta vitu vya porini?"

"Mama, mimi naleta maziwa," yule dada alisema. "Nyoka namtoa wapi?"

"Nyie mna mambo yenu. Mtu hajui mmetumwa nini."

Hadi mchana neno lilikuwa limefika bombani, wanakochotea maji wanawake wa mtaa mzima. Wengine walisema ni nyoka wa kutumwa. Wengine, waliojiona wana busara, walisema tu kwamba maziwa yale si safi. Jioni yule dada alirudi na dumu likiwa bado zito, akamwaga maziwa mtaroni.

"Mdogo wangu," akaniambia, "wewe unawajua hawa wadudu. Hebu waambie watu nyoka hatumwi."

"Nitawaambia, dada."

Niliingia ndani, nikafunga mlango, nikaanza kutengeneza makazi mapya.

Hapo ndipo ninapojichukia zaidi. Sikukaa bure. Nilifanya kazi kwa bidii kweli kweli, nikasoma, nikapima. Niligundua kwamba boksi kubwa lilikuwa kosa lenyewe: mtoto wa nyoka kwenye nafasi pana haoni uhuru, anaona hatari, na kutwa nzima anapapasa kutafuta pa kutokea. Nikatafuta makontena madogo ya chakula, yenye vibanio pande zote nne. Nikayatoboa kwa sindano ya kushonea, nikaanzia ndani kwenda nje ili ncha zisiwachubue. Kila mfuniko niliupindua na kuutikisa. Baada ya muda mfupi wote watano wakala kwa mara ya kwanza.

Mwisho wa mwezi ule mama mwenye nyumba alimwambia yule dada atafute pengine. Nilimsaidia kufunga godoro. Akanishukuru. Akapanda gari la Kilosa, kwa shangazi yake, na mimi nikarudi kuangalia nyoka wangu waliolala shibe.

Sikuweza kula. Nilimfuata mama mwenye nyumba jikoni.

"Shikamoo, mama. Yule nyoka alikuwa wangu."

"Marahaba," akajibu, kisha maneno yakamfikia. "Wako vipi?"

Nikamweleza. Aliweka mwiko chini.

"Na mimi nimemfukuza mtoto wa watu!" Akaninyooshea kidole. "Mdomo wangu nitaubeba mwenyewe. Wako ubebe wewe, umpelekee. Na hao wadudu leo hii watoke."

Nikawarudisha bandani. Bosi alipokea makontena, akayageuzageuza, akasifu vibanio. Sifa ile ilinichoma.

Kilosa nilimkuta karibu na reli, uani kwa shangazi yake, anapukuchua mahindi. Maziwa alikuwa ameacha, kwa kuwa kaka zake wako mbali. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kupukuchua.

"Na waliobaki umewaweka wapi?"

"Kwenye makontena. Hawawezi kutoka."

"Kila mmoja na lake?"

"Kila mmoja na lake, dada."

Akacheka, lakini si cheko la furaha. "Nyoka wamepata vyumba. Mimi hapa tunalala watano chumba kimoja."

Nikaanza kuomba msamaha. Akaninyamazisha kwa kunitupia gunzi.

"Usiniombe msamaha huku. Huku hakuna aliyenisema. Kaseme pale bombani, asubuhi, wakiwa wamejaa."

Nilikwenda. Nilisimama kati ya ndoo nikasema nyoka alikuwa wangu, tundu nililitoboa mimi, na nilidanganya. Mmoja aliuliza kama ninalipwa kusema hivyo. Mwingine alisema, "Basi maziwa tumekosa bure," akainua ndoo yake akaondoka. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa mwisho wa foleni, alisema kwa sauti kwamba chumba cha yule dada bado kipo.

Yule dada hakurudi kukaa. Siku hizi anapita Mikumi na maziwa mara kwa mara, analala kwa kaka zake, na mama mwenye nyumba ananunua. Mimi hanisalimii kila mara.

Watoto wa nyoka sasa wanakaa bandani tu, kila mmoja kwenye kontena dogo lenye vibanio, ndani ya kabati lenye kufuli, na matundu nayapima kwa kichwa cha mdogo kuliko wote. Na mpangaji mpya akija uani kwetu, namweleza kazi yangu kabla hajashusha godoro.