Usukani wa Osea

Magari aliyoyazoea fundi Damiano yalikuwa malori ya kahawa na mahindi, yale ambayo dereva hukata kona kwa mabega yote mawili huku jasho likimtiririka. Ndiyo maana mwaka ule wa hamsini na tisa, gari refu la Kimarekani lilipoingia uani kwake Tunduma likikoroma kila usukani ulipozungushwa, aliliacha lori alilokuwa akilifungua na kuliendea kabla waliomo hawajashuka.

Dereva alikuwa mtu wa makamo, akajitambulisha kwa jina la Anyelwisye. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mwanamke mwembamba, mzigo wa nguo mapajani, naye hakushuka. Anyelwisye alisema wametoka Kitwe, ng'ambo ya mpaka. Gari lilikuwa limechoka, limepita mikononi mwa wenyewe wengi, lakini lilikwenda vizuri mpaka walipoipita Isoka. Kuanzia hapo usukani ukawa mara mwepesi, mara mzito kama jiwe la kusagia, na kila waliposimama waliacha doa jekundu chini. Akamwomba fundi wakae kwanza, yako maneno ya kuzungumza. Damiano akamjibu kwamba maneno yatangoja, gari kama lile hakuwahi kuliona.

Alifungua boneti. Anyelwisye akamweleza alivyoelezwa na mwenye gari: injini inazungusha pampu kwa mkanda, pampu inasukuma mafuta kwenye boksi la usukani, na mafuta yale ndiyo yanayomsaidia dereva kukata kona. Damiano alisikiliza kama mtoto anayesimuliwa hadithi. Alichovya kidole kwenye mafuta, akayanusa na kuyasugua. Hayakuwa ya injini. Yalikuwa mepesi na mekundu.

Chini kote kulilowa, boksi, mipira, hata fremu. Mwingine angesema boksi limekufa. Damiano alijua kwamba mafuta hutambaa na upepo wa safari huyatawanya, kwa hiyo yanapodondokea si lazima ndipo yanapovujia. Alifuta kila kitu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akakausha, kisha akaenda jikoni kwa mkewe Teresia akarudi na majivu makavu. Akayanyunyiza juu ya mipira na maungio yake yote, akamwambia Anyelwisye awashe injini na aukate usukani mpaka mwisho, kushoto, halafu kulia.

Pampu ilikoroma. Majivu yalibaki makavu kwenye boksi, yakabaki makavu kwenye pampu. Kisha pale mpira mnene unapobanwa na chuma, majivu yakageuka meusi, yakavimba, na tone likachungulia. Damiano alicheka kwa raha. Alitoka chini ya gari akijipangusa, akasema boksi ni zima, pampu nayo ni nzima, ni mpira tu umepasuka, ule unaobeba mafuta yenye nguvu. Na kwa kuwa alikuwa amefurahi, akaongeza utani.

"Lakini mwenye gari hili ni mvivu wa mikono. Mwanamume mzima, hata usukani anataka asukumiwe?"

Anyelwisye aliinamisha kichwa. Mwanamke aliyekuwa ndani ya gari ndiye aliyejibu, taratibu.

"Hakuwa mvivu, shemeji. Mkono wake wa kulia uliangukiwa na jiwe mgodini. Bila gari hili asingeweza kuendesha."

Neno lile shemeji lilimfikia Damiano kabla ya mengine. Alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, akautazama na mzigo wa nguo.

"Wewe ni mke wa Osea," alisema.

"Ndimi Jenista. Osea tulimzika Kitwe. Ni kifua, shemeji. Kifua cha vumbi."

Osea alikuwa kaka yake mkubwa. Baba yao alipokufa hakuja mazikoni. Alituma blanketi na salamu tu. Tangu siku ile Damiano hakulitaja jina lake, na walipomuuliza wateja waliotoka Kitwe kama ana ndugu huko, alisema hana. Sasa Jenista akamweleza kwamba siku za msiba ule Osea alikuwa amelazwa, mkono umefungwa, akakataza isisemwe ili mama yao asibebe misiba miwili. Baadaye alilitafuta gari la usukani mwepesi ili aje nyumbani akiendesha mwenyewe. Alilipata. Kisha kifua kikamlaza.

Damiano aliketi juu ya tairi. Teresia alitoka, akaelewa bila kuambiwa, akamshika Jenista mkono na kumwingiza ndani.

Mpira kama ule haukupatikana Tunduma. Kulipokucha Damiano aliufungua mkanda wa pampu akauweka kando, pampu isizunguke bila mafuta: gari litakwenda, ila usukani utakuwa mzito na dereva atauzungusha kwa nguvu zake. Anyelwisye, aliyekuwa mwenzake Osea mgodini, alitaka kuendesha, Damiano akakataa.

Walipita Mlowo wakaiacha barabara kuu na kushika njia ya Itaka, nyumbani. Mikono ilimuuma. Walipoipita Igamba, penye kona ndefu, aliushusha mkono wa kulia akauweka gotini, akajaribu kukata kwa ule wa kushoto peke yake. Usukani haukusogea. Alijaribu tena, gari likaelekea mtaroni, akakanyaga breki. Alilalia usukani akalia, na hakuna aliyemharakisha. Hatimaye Anyelwisye alizunguka akafungua mlango, nao wakabadilishana viti.

Mama yao, Marita, hakupiga yowe kama walivyotarajia. Alipokea nguo za mwanawe, akazikunja upya moja moja. Aliuliza udongo wa kule ukoje, na kama kaburi lilichimbwa kina cha kutosha. Kisha akauliza ni mkono upi.

"Wa kulia, mama," alisema Jenista.

"Ndio aliokuwa akiwarushia nyani mawe wasiingie mahindini," alisema Marita, na hapo ndipo sauti ilipomkatika.

Matanga yalipokwisha Jenista alirudi kwa watoto wake, na Anyelwisye naye. Waliondoka kwa lori, kwa maana Marita alisema Osea alilinunua gari lile lije Itaka, basi limefika. Alimwomba Damiano aliegeshe nyuma ya nyumba, ili asilione akitoka asubuhi. Damiano alirudi Tunduma, na kila gari lilipovuka kutoka Kitwe alimuuliza dereva habari za mpira ule, na miaka ikapita akiuliza. Na alipoulizwa kama ana ndugu huko, alisema anaye, mkubwa wake, amelala kule.