Karatasi ya Fundi Kitwana

Fundi Kitwana wa Mtaa wa Msimbazi alikuwa mkorofi, ila hakuna pikipiki iliyomshinda. Kila mteja alimuuliza swali moja kwanza: "Umeitia nini?"

Jumapili moja ya mwaka 1980 pikipiki yangu ilinizimikia karibu na kwake, na sikuwa na muda wa maswali. Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Ikifika saa nane, marufuku kuendesha mpaka kesho, maana nchi inabana mafuta, na mimi kwangu ni Buguruni.

"Petroli," nikamjibu. "Ningetia nini kingine? Tengeneza, fundi!"

Akafungua plagi, ikatoka nyeusi tii. Akachovya kijiti kwenye tangi, akadondosha tone moja kwenye karatasi na kuianika juani. Tukakaa tunaitazama karatasi! Jasho likanitoka, nikamwambia ananichezea. Petroli ikakauka, lakini doa la mafuta likabaki palepale, linang'aa.

"Mafuta ya taa," akasema. "Umeyaiba kwenye taa ya nani?"

Mama alipanga foleni Kariakoo tangu alfajiri kupata chupa ile moja niliyoimimina kwenye tangi.

Kitwana akamwaga mchanganyiko wote kwenye debe la kuoshea vyuma. "Hayafai pikipiki, na ukiyatia kwenye taa yatalipuka." Akasafisha plagi, akatia petroli yake kidogo. Ikawaka kwa kiki moja.

Saa nane kasoro dakika tatu nilikuwa nyumbani. Mama alikuwa amekaa mlangoni, anafuta kioo cha taa.