Karani wa Ngome ya Birika

Bi Chapa alistaafu, lakini vidole vyake havikupewa taarifa. Viliendelea na kazi juu ya meza ya jikoni, juu ya goti, juu ya mkoba akiwa kwenye foleni ya benki. Redio ikisoma habari, navyo vinaandika habari. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alihofia ni maradhi ya mishipa, akampeleka kwa daktari. Daktari akauliza maswali yake, kisha akatazama vidole vya mgonjwa vikichezacheza juu ya shuka.

"Mama, unaandika ninayosema?"

"Samahani, daktari. Mpaka hapo ni maneno mia moja na sita."

Akaandikiwa apumzike. Hakuna dawa aliyoichukia kama hiyo.

Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya mawakili, ghorofa ya tatu, katika chumba kisicho na dirisha. Wakili anatembea huku na huku akisema, yeye anaandika macho yakiwa ukutani. Maneno yanaingia sikioni, yanashuka mabegani, yanatokea kwenye karatasi, kichwa hakihusishwi. Ndiyo maana siku moja hati ya kiapo ilimfikia hakimu ikieleza kwamba mdai aliondoka nyumbani saa mbili asubuhi akiwa na mkewe na nani tena ameniletea chai ya baridi jamani. Hakimu alicheka. Wakili hakucheka. Bi Chapa, alipoitwa kujieleza, alitoa jibu ambalo jengo zima lililikariri kwa miaka: "Mimi naandika. Kuchuja ni kazi ya mwenye mdomo."

Chini ya ngazi za jengo hilo, mahali ambapo pengine pangewekwa mifagio, ndipo anapofanyia kazi Fundi Saa. Ana kabati la kioo, taa inayoinama, lenzi ndogo nyeusi anayoibana kwenye jicho la kulia, na saa za ukutani kumi na nne, kila moja ikiwa na maoni yake kuhusu wakati. Nilimjua kwa sababu saa yangu ilikuwa imekwama kwenye muda wa mji niliouacha, na yeye alisema kazi ni ya siku tano. Niliishia kukaa siku zote tano kwenye kigoda cha wateja, kwa sababu ya mambo yaliyokuwa yakiendelea nyuma ya kabati.

Huko nyuma kulikuwa na kompyuta kuukuu, na ndani yake vita.

Bi Chapa alikuwa na desturi ya kupita kila Jumanne kumsalimia fundi, rafiki yake tangu siku aliyomrekebishia saa aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Jumanne hiyo alimkuta hana raha. Saa tatu zilikuwa zimefunguliwa mezani na hakuna iliyokuwa ikishughulikiwa.

"Umefiwa tena?" akamuuliza.

"Bado. Jumamosi saa kumi."

"Fundi, mtu hafiwi kwa miadi."

Akamvutia kigoda, akageuza skrini. Maandishi meupe juu ya weusi mtupu.

"Huu ni mchezo," akasema fundi. "Wa vita. Watu wanaucheza kutoka kila pembe ya dunia, kwa wakati mmoja."

"Picha ziko wapi?"

"Hazipo. Unasoma mahali ulipo, unaandika unachofanya. Ukiandika piga, unapiga. Ukiandika funga, unafunga. Neno la kwanza likiwa si amri, mchezo unachukulia kwamba unasema kwa sauti, na kila aliye uwanjani anasikia, rafiki na adui. Ukitaka kusema na wenzako tu, unaanza na nong'ona."

"Kwa hiyo ni faili linalouma."

"Ndiyo. Sasa soma hapa."

Akasoma. Nikasoma nami, juu ya bega lake.

Uko kwenye ukumbi wa mawe. Dirisha moja linatazama bonde. Mezani kuna birika ambalo halijapoa. Mtu alikuwa hapa sasa hivi, na atarudi.

"Haya maneno amechapa nani?" akauliza Bi Chapa, sauti imebadilika.

"Ndugu yangu."

Kaka yake fundi, aliyekuwa akitengeneza redio duka la pili, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Wawili hao walicheza miaka kumi na moja. Ngome ya Birika waliiteka pamoja, na katika mchezo huu anayeteka ngome ndiye anayeandika kuta zake. Akinyang'anywa, mshindi anafuta yote na kuandika ya kwake. Sheria nyingine ni kwamba ngome lazima ilindwe na watu watano. Tangu kaka afariki walikuwa wanne: fundi, dereva wa kreni anayejiita Radi, mwalimu wa hesabu anayejiita Kobe, na mama wa mapacha anayejiita Nyuki, ambaye hupigana kwa mkono mmoja kwa kuwa wa pili daima umebeba mtoto. Sasa kundi la Wembe, watu wanane wasio na huruma, lilikuwa limetoa changamoto. Jumamosi saa kumi. Wakikosa wa tano, ngome inakwenda bila hata ngumi.

"Aliandika kwa vidole vingapi?" akauliza Bi Chapa.

"Viwili. Alfajiri nzima."

"Viwili!" Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za msafiri aliyevuka jangwa kwa miguu. Kisha akavuta kibodi. "Jumamosi sina shughuli. Nifundishe kuua."

Mchezo ulimtaka ajipe jina. Wengine wote humo ni ngurumo na makucha. Yeye akaandika: Karani.

Mpinzani wake wa kwanza alikuwa panya wa ghalani, anayewekewa wanafunzi. Bi Chapa akanyoosha mgongo na kuandika kwa herufi safi: Tafadhali ondoka.

Karani anasema: Tafadhali ondoka. Panya anakuuma mguu.

"Hana adabu huyu!"

"Usimwombe, Bi Chapa, mpige!"

"Bila onyo?"

"Alikuonya nani alipokuuma?"

Hoja hiyo, kwa mtu aliyekulia ofisi ya mawakili, ilitosha. Piga panya. Piga panya. Piga panya. Vidole vilivyokuwa vimeambiwa vipumzike vilipata habari kwamba likizo imekwisha. Nimesikia ngoma na mvua za nchi nyingi, lakini kibodi ile kuukuu ilitoa sauti ambayo mpita njia mmoja alisimama kuisikiliza. Panya alikuwa amekufa zamani, na Karani bado anapiga. Alipoinua macho, mashavu yake yalikuwa yamewaka.

"Mwingine yuko wapi?"

Kufikia Ijumaa alikuwa amemaliza panya, fisi na majambazi wawili wa daraja. Nyuki alimwandikia: Karani, una mikono mingapi? Akajibu: Miwili, ila imesomea.

Jumamosi akaja na kompyuta ndogo ya binti yake, iliyokuwa ikitumiwa nyumbani kama sinia. Wakakaa bega kwa bega nyuma ya kabati, fundi na mashine yake, Bi Chapa na yake. Fundi alifunga kazi mapema, lakini mimi hakuniambia nitoke. Saa kumi kamili, kwa saa ya mchezo maana zile za ukutani hazikuaminika, Wembe na wenzake wakaingia bondeni. Kazi ilikuwa kuwazuia wasifike ukumbini kwa nusu saa.

Na hapo ndipo makosa ya miaka ishirini na tisa yalipoamka.

Fundi, mtu mpole ambaye hushika mishale ya saa kwa kibanio bila kutetemeka, akishikwa na hofu hupiga kelele. "Mama wee, wanakuja kaskazini! Mwambie Radi ajifiche kisimani, haraka!"

Bi Chapa alikuwa anatazama skrini ya fundi. Macho yake yalikuwa mbali na mikono, na mtu anasema karibu na sikio lake. Hiyo ni imla.

Karani anasema: Mama wee wanakuja kaskazini mwambie Radi ajifiche kisimani haraka.

Kisha: Wembe anasema: Asante, Karani. Tunapita kisimani.

Radi akauawa ndani ya ndoo.

"Nani amewaambia kisima?" fundi akaruka. "Bi Chapa! Umeandika nini?"

Karani anasema: Nani amewaambia kisima Bi Chapa umeandika nini.

Sasa bonde zima likawa linacheka. Watu wa Wembe waliandika hahaha mistari kumi. Mmoja akaomba Bi Chapa asalimiwe. Kobe akanong'ona kwa heshima zote za mwalimu kwamba, je, ingewezekana mtu amfunge fundi mdomo.

"Nyamaza, Fundi!"

"Nimenyamaza!"

Karani anasema: Nimenyamaza.

Alijaribu kukalia mikono yake. Lakini akiikalia, lango la kaskazini halina mlinzi. Akiitoa, fundi anaguna na mguno unaandikwa. Kobe naye akaanguka kwenye ngazi. Zikabaki dakika kumi na mbili, watu watatu dhidi ya wanane. Nilimwona fundi akitazama sehemu moja tu ya skrini, pale lilipoandikwa lile birika.

Bi Chapa akachukua bahasha ndogo ya kutilia saa za wateja, akatoa kalamu kwenye nywele, akaandika kwa mkono. Hakuthubutu kunong'ona, hakuviamini vidole. Bahasha ilisema: *Wameshazoea kwamba siwezi kuficha. Niambie uongo, kwa sauti.*

Fundi akasoma. Lenzi ikamdondoka jichoni. Kisha akavuta pumzi na kuanza kulia kilio cha jukwaani ambacho hata mimi kilinitia huruma.

"Ole wangu! Lango la kusini liko wazi, Bi Chapa! Komeo limevunjika! Usimwambie mtu! Sote tuko huku kaskazini, wakijua tumekwisha!"

Vidole vikapokea imla. Karani anasema: Ole wangu lango la kusini liko wazi Bi Chapa komeo limevunjika usimwambie mtu sote tuko huku kaskazini wakijua tumekwisha.

Wembe hakujibu. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili. Wote wanane wakazunguka mbio kuelekea kusini, wakaingia langoni, wakajikuta kwenye ujia mwembamba ambao kaka yake fundi aliujenga miaka tisa nyuma, wenye lango la chuma mbele na jingine nyuma. La mbele Nyuki alikuwa ameshalifunga, kwa mkono mmoja. La nyuma lilihitaji amri sita mfululizo kabla adui hajageuka: shusha mnyororo, vuta lango, funga lango, tia komeo, tia komeo la pili, vunja ufunguo.

Sikuona vidole vikitembea. Niliona mistari sita ikitokea kwa pamoja, kama imechapwa tangu jana.

Wembe anasema: Karani?

Karani anasema: Naam.

Wembe anasema: Ulijua?

Karani anasema: Mimi naandika. Kuchuja ni kazi ya mwenye mdomo.

Dakika saba zilizobaki walizitumia wale wanane kugonga chuma na kutukana, mpaka nao wakachoka na kuanza kucheka. Muda ulipokwisha, saa mbili za ukutani ziligonga, moja ikisema ni saa nne na nyingine saa sita na nusu, na fundi akazikumbatia zote mbili. Bi Chapa alipiga vigelegele, mlinzi wa jengo akashuka kuuliza ni arusi ya nani.

Kuna desturi kwamba ngome ikinusurika, aliye mgeni kwenye kundi huongeza mstari mmoja kwenye ukumbi, na mstari huo haufutwi mpaka ngome itekwe.

"Sema wewe," Bi Chapa akamwambia fundi. "Alikuwa ndugu yako. Niandikishe."

Fundi akakaa sawa. Akakohoa. Akaibana tena ile lenzi jichoni, ingawa hapakuwa na saa ya kutazama.

"Andika kwamba..." Akajaribu tena. "Kwamba yeye... Ngoja. Vumbi limeingia kwenye lenzi."

Akageuka ukutani, akaifuta lenzi kwa muda mrefu sana kwa kitu kidogo namna ile.

Vidole vilikuwa vimeshamaliza. Safari hii Bi Chapa aliinama, akasoma alichokiandika neno kwa neno, jambo ambalo sidhani kama alilifanya mara nyingi ghorofa ya tatu. Angeweza kufuta yote; akafuta tu yale ya mwanzo yaliyokatika. Akabonyeza kitufe.

Siku ya pili nilichukua saa yangu, inatembea vizuri. Binti wa Bi Chapa, nilisikia, sasa anamwona mama akisikiliza redio mikono imetulia mapajani, kwa kuwa kila alasiri ina kazi yake. Nami mahali popote ninapopata mtandao huingia kuutembelea ule ukumbi. Unasomeka hivi:

Uko kwenye ukumbi wa mawe. Dirisha moja linatazama bonde. Mezani kuna birika ambalo halijapoa. Mtu alikuwa hapa sasa hivi, na atarudi. Ngoja. Vumbi limeingia kwenye lenzi.

Wageni hudhani ni hazina. Wanahangaika kuitafuta, wanapekua chini ya meza, mwishowe wanaandika: chukua lenzi. Fundi alishalipangia hilo. Mchezo unawajibu: Ina mwenyewe.