Mchezaji wa Kijapani anayependwa nyumbani kwangu kuliko mimi

Admin, jina langu lifiche kabisa, Waswahili wa Sydney tunajuana.

Mimi ni mama Mkenya wa miaka arobaini na mbili, naishi Doonside na binti yangu wa miaka kumi na tano. Baba yake alishajiendea zake. Kwenye hii lokdauni wenzangu wamejifungia, mimi navaa barakoa naenda kuogesha wazee wa watu. Narudi nimechoka hoi, hakuna hata pole. Binti yuko kwenye simu na Mjapani wake.

Huyo Mjapani ni mshambuliaji wa timu ya wanawake. Binti yangu amemfungulia ukurasa wa mashabiki, maelfu wanaufuata. Akifunga bao wanashangilia, akifunga nywele wanashangilia zaidi. Upuuzi mtupu! Mimi nikiongea najibiwa, "Not now, Mum." Siku yangu ya kuzaliwa ilisahaulika, na siku hiyohiyo mtoto alikuwa anamtengenezea yule dada video ya pole, eti ameumia goti. Goti! Mimi mgongo wangu nani ameuulizia?

Jumapili moja, ibada ya Zoom ilipoisha, nikafungua akaunti ya uongo nikamshukia yule Mjapani kwenye ukurasa huohuo wa binti yangu. Nikaanza na Kiingereza: mpira hajui, ni sura tu. Mashabiki wakanirukia. Hasira ikanipanda, nikamwaga Kiswahili: "Mwambieni akaoshe vyombo kwanza. Na wewe mwenye ukurasa, huna mama wa kumsaidia?" Nilisikia raha, jamani. Wiki mbili nzima, kila mapumziko ya chai kazini, nilikuwa narusha tusi moja au mawili.

Wiki iliyopita nikamkuta binti analia jikoni. Nikadhani Mjapani ameumia tena, moyoni nikasema afadhali. Akanikumbatia, kitu ambacho hajafanya kwa miezi, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota, "Mum, kuna mtu ananichukia." Akasema anamjua: ni rafiki yake Mkongomani wanayecheza naye timu moja, kwa sababu kwenye ukurasa wote ni yeye tu anayejua Kiswahili. Ameshamblock. Wasichana wa timu yao nao wamemtoa huyo rafiki kwenye grupu, hakuna anayemsemesha.

Na mimi nikafanya nini? Nikampapasa mgongo nikamwambia, "Achana naye, mwanangu."

Jana mama wa yule mtoto akanipigia. Nafanya naye kazi, na nilipougua korona ndiye aliyekuwa ananiachia sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo, mlangoni. Alikuwa analia. "Dada, mutoto yangu anakataa kula. Anaapa hakuandika kitu. Omba mutoto yako amusamehe tu, hata kama hakukosa." Nikamwambia nitajaribu. Nilivyokata simu nilijichukia.

Tangu siku ile ya jikoni binti yangu ananipikia chai nikitoka kazini. Ananisimulia mambo yake. Nikisema ukweli, najua narudi kuwa mtu wa "Not now, Mum", au nakosa hata hilo. Nikinyamaza, mtoto wa mwenzangu anaendelea kubeba uchafu wangu.

Sasa hivi ninavyoandika binti ananiita sebuleni. Yule Mjapani amepona, mechi inaanza, na ameniwekea mto pale pembeni yake. Nitukaneni mkitaka, ila mniambie: niende nikakae kwanza, au niseme kabla sijakaa?